Waya wa Kwenda Bandani

Shika Adabu, Likoni
22 Aprili 2025

Mjomba Mwinyihaji,

Shikamoo. Marahaba yako itanifikia kesho kutwa, ikiwa jirani yetu Fondo hataisahau barua hii mfukoni kama alivyoisahau ile ya Idi. Sisi wazima, alhamdulillahi. Jalila ametimiza miaka minne na ana ulimi wa miaka arobaini.

Nakuandikia jambo la stima. Ningempigia binti yako Asmaa akuandikie kwenye kibao chenu, maana masikio yako hayapati simu, lakini maneno yakipita kwa mtu wa tatu hupungua chumvi. Tena mume wangu Rama huishika simu yangu atakavyo, na haya sitaki ayaone kabla hujanijibu.

Rama ameuza ile tuktuk ya petroli, amenunua ya betri. Anaipenda, yuwaipangusa hata mahali pasipo na vumbi. Ameijengea banda uani, nguzo nne za chuma na mabati juu, hatua kumi na mbili kutoka mlango wa jikoni. Sasa ataka kuvuta stima kutoka ndani ya nyumba mpaka bandani, tuktuk ichajiwe palepale. Fundi ni Munga, yule uliyemfundisha kazi wewe mwenyewe.

Mimi naogopa, Mjomba. Usinicheke. Friji letu huwasha. Ukilifungua miguu mitupu linakutekenya hadi kwenye kiwiko, kwa hiyo tumeweka ndara mbele yake, na mgeni akija kutaka maji ya baridi tunamwambia avae kwanza. Tumelizoea, kama mtu anavyozoea mkwe mkali. Lakini friji liko ndani, na Jalila hulikwepa. Banda liko nje, nguzo ni za chuma, na mtoto huyu hajui kupita karibu na kitu bila kukishika.

Nyumba hii uliitia waya wewe, mwaka nilioolewa. Nakumbuka tulipokuwa wadogo ulivyokuwa ukitueleza habari ya chuma cha ardhi: kwamba kila nyumba yenye stima hupigiliwa ufito wa shaba mrefu kumpita mtu, uzame wote ardhini, na stima ikivuja popote hukimbilia humo badala ya kupita mwilini mwa mtu. Ulikuwa ukisema chuma hicho ndicho askari wa nyumba. Basi nakuuliza, chetu kiko sawasawa? Kinaweza kulinda na banda pia? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Mpwa wako,
Mwanarusi


Bombolulu
24 Aprili 2025

Mwanarusi mwanangu,

Marahaba. Fondo ameileta barua yako leo asubuhi kabla hajaingia karakanani kwao kushona viatu, na ameniahidi kupitia hii jioni akienda kuvuka feri. Mtu mwenye magongo mawili anatembea kuliko sisi wenye miguu.

Nimefurahi kusikia habari za tuktuk. Sasa sikiliza, nami nitakueleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza vijana wangu.

Waya wa kwenda nje haupiti juu kwa juu kama kamba ya kuanikia nguo. Huchimbiwa mtaro, kina chake kifike gotini. Hutumika ule waya mnene wenye ganda la chuma ndani, si waya wa taa. Juu yake hutandazwa mchanga, halafu vigae, ili siku mtu akilima mchicha jembe ligonge kigae kwanza. Bandani huwekwa swichi yake peke yake, na soketi iwe juu kuliko kichwa cha Jalila, iwe na kifuniko cha mvua. Hayo Munga anayajua. Nilimfundisha vizuri.

Lakini nakushauri msifanye sasa. Masika yamechelewa, yanakuja, na ardhi ikilowa kazi huharibika. Ngojeni miezi mitatu. Rama ana marafiki, hakosi pa kuchajia. Na hilo friji ondoeni, ni kuukuu. Haraka haraka haina baraka.

Kuhusu yale mengine uliyoniuliza, kazi ile ilifanywa miaka mingi iliyopita na nyumba imesimama. Mimi ni mzima isipokuwa masikio, ambayo sasa hata adhana hayaipati. Asmaa anawasalimu.

Mjomba wako,
Mwinyihaji


Shika Adabu
29 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta jibu la swali langu. Nimepata mtaro, vigae, mchicha na masika. Chuma cha ardhi sikukiona.

Rama nimemsomea, akacheka mpaka akashika mbavu. "Miezi mitatu! Mjomba wako yuwaona haya kupitwa na Munga, basi." Kesho yake Munga akaja na sururu. Mtaro haukufika gotini. Alipochimba kina cha shubiri moja akagonga mwamba, kila mahali mwamba, akasema inatosha, akaupitisha waya ndani ya bomba la maji na kuufukia. Nguzo za banda akaziunganisha na waya wa ardhi wa nyumba. Anasema ndivyo ulivyomfundisha, kila chuma kinachoshikwa na watu kiunganishwe.

Nikamwambia, kabla hujawasha hebu pima kile chuma cha ardhi. Kichwa chake kipo pale nje ya ukuta wa jikoni, kimezungushiwa saruji. Kipimo anacho, nilikiona kwenye mkoba. Munga akanitazama kama nimemtukania mzazi. Akasema, "Mama Jalila, nimpime Mzee Mwinyihaji? Aliyenishika mkono kunifundisha kushika bisibisi? Hiyo ni kumvua mzee nguo mbele ya watu. Kazi yake haipimwi." Rama akamuunga mkono. Wakawasha. Tuktuk ikachaji, wakapeana mikono, nikawapikia viazi vya karai.

Sasa sikiliza la jana. Jalila alikuwa uani, miguu mitupu, nimetoka kumwaga maji ya kuoshea vyombo. Akashika nguzo ya banda akaniita, anacheka. "Mama, njoo! Nguzo yanitekenya!"

Mjomba, nilimvuta mkono hadi akalia. Nikamwita Rama. Rama akaishika nguzo, akasema haina kitu, mtoto ana michezo. Rama alikuwa amevaa ndara.

Tangu jana nimeikataza miguu ya mtoto huyu kugusa ardhi. Nimemvalisha viatu vya skuli hata ndani ya nyumba. Nijibu, tafadhali. Kile chuma ni kizima?

Mwanarusi


Bombolulu
30 Aprili 2025

Mwanarusi,

Nimemwambia Asmaa akupigie sasa hivi, asikuambie ila neno moja, uzime swichi kubwa. Ameniuliza kuna nini, sikumwambia. Ukiipata barua hii iwe umekwisha kuzima.

Mtoto asiende uani. Wewe usiguse nguzo, wala friji, wala bomba la nje. Si tuktuk peke yake. Kuchomoa tuktuk hakutoshi.

Nitakueleza. Nipe siku mbili nikae na kalamu.

Mwinyihaji


Shika Adabu
2 Mei 2025

Mjomba,

Asmaa alipiga nikiwa darasani na watoto wa chekechea. Niliwaacha watoto thelathini na mwalimu mmoja, nikakimbia mpaka nyumbani kwa viatu vya kazini. Nimezima.

Sasa nina nyumba ya giza na mume aliyenuna. Samaki wa friji nimewapeleka kwa jirani. Rama hana neno na mimi ila moja, "Nipe sababu." Namwambia Mjomba amesema, ananijibu, "Mjomba amesema nini? Amesema zima. Kwa nini? Hasemi. Nguzo yamtekenya mtoto, Munga amekuja akaangalia waya wake wote, hauna hitilafu. Kazi ya Munga ni nzima. Na kazi ya mjomba wako ni nzima, hilo hata wewe wajua. Basi kibovu ni nini, mke wangu? Ni uoga wako." Amesema atangoja hadi wiki ijayo, baada ya hapo atawasha, kwa sababu tuktuk isiyotembea ni kabati.

Nimefanya jambo nisilowahi kulifanya tangu niolewe. Ule waya wa kuchajia nimeuficha kwenye gunia la mchele. Rama aliponiuliza nikaapa siujui. Nimeapa uongo, Mjomba, mimi mwalimu.

Asmaa aliponipigia sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona uso wa babake ukibadilika. Unaficha kitu. Nimekujua tangu unanibeba mabegani, na wewe ukificha kitu huwa unatoa mafunzo. Barua yako ya kwanza ilikuwa mafunzo kuanzia juu hadi chini.

Sitaki mafunzo. Nataka unijibu. Mawingu yamejikusanya upande wa bahari tangu asubuhi.

Mwanarusi


Bombolulu
6 Mei 2025

Mwanarusi mwanangu,

Niliomba siku mbili, nimechukua sita. Nimechana karatasi nne. Hii ya tano sitaichana, liwalo na liwe.

Chuma cha ardhi cha nyumba yako nilikikata.

Ilikuwa siku mbili kabla ya harusi yako. Waya zote zilikuwa tayari, taa tayari, imebaki kukipigilia chuma. Nikapiga nyundo, kikaingia kidogo, kikagota kwenye mwamba. Nikakitoa, nikahamia hatua tatu pembeni, mwamba tena. Mara ya tatu kikapinda. Ilikuwa saa sita, jua la utosi, mkono umekufa ganzi. Mamako, Mungu amrehemu, akatoka jikoni akaniambia, "Kaka, njoo ule, wageni wa ngoma ya vugo waanza kufika kesho, na mimi nimeshawaambia mwanangu aingia nyumba ya taa." Alifurahi sana siku hiyo. Nami sikuweza kumwambia kwamba bado.

Nikachukua msumeno, nikakikata. Kilichomo ardhini hakizidi dhiraa moja, kiwiko hadi ncha ya kidole. Kichwa nikakiacha juu kionekane, nikakizungushia saruji kikakaa kama cha kweli. Nikajiambia nitarudi baada ya harusi. Baada ya harusi nikajiambia baada ya mfungo. Kisha nikaona nyumba imesimama na watu wazima, nikanyamaza.

Ndiyo sababu friji linakuwasha. Linavuja, na stima haina pa kwenda. Sasa Munga ameziunganisha nguzo na waya huohuo, na ni sahihi kabisa mahali penye ardhi. Kwenu ardhi haipo. Friji likivuja jikoni, nguzo ya bandani ndiyo inayouma. Mvua ikinyesha, uani kukalowa, haitakuwa kutekenya tena. Mwanarusi, itashika mtu isimwachie.

Mwambie Munga apime. Mwambie nimesema mimi, kazi yangu ipimwe. Pale kwenye migomba, maji ya kuogea yanapokwenda, udongo ni laini na wenye unyevu. Apigilie vyuma viwili hapo, vizima, aviunganishe. Aweke na ile swichi inayojikata yenyewe stima ikivuja. Hadi hapo msiwashe kitu.

Nimekuwa fundi miaka thelathini na minane. Watu waliniita mwalimu. Wewe ulipoandika kwamba Munga amekataa kunipima, nililia, na Asmaa akadhani ni macho.

Asmaa hajui. Naogopa ajue. Naogopa zaidi Jalila.

Mjomba wako,
Mwinyihaji


Shika Adabu
7 Mei 2025

Mzee Mwinyihaji,

Anayekuandikia ni Rama. Mwanarusi hajaumia, ila hataki kumtoa Jalila mapajani apate kushika kalamu.

Jana alasiri niliupata ule waya wa kuchajia. Nilikwenda kuchota mchele. Nikakasirika, nikawasha swichi kubwa, nikachomeka tuktuk. Saa kumi na nusu mvua ikaanza, mvua ya kumwaga kwa ndoo. Mwanarusi alikuwa ndio kwanza amefika kutoka kazini, ameketi barazani akikuna nazi, hajui kama nimewasha. Mimi nilikuwa ndani.

Fondo aliingia uani na barua yako. Alikuwa ameitia kwenye mfuko wa nailoni akaiweka kifuani, ndani ya shati, isilowe. Akajikinga chini ya banda. Magongo akayabana kwapa la kushoto apate kutoa barua kwa mkono huo, na kwa mkono wa kulia akaegemea nguzo.

Mzee, hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha baadaye, kwamba hakupiga kelele. Jalila alimwona mgeni wake, akatoka barazani mbio kwenda kumkumbatia, miguu mitupu, mikono imefunguka. Mwanarusi akaona meno ya Fondo yamebana na macho yamesimama. Alimdaka mtoto kwa kola ya gauni. Zilibaki hatua mbili. Akamtupa nyuma, akashika ile mbuzi ya kukunia nazi upande wa mti, akaupiga mkono wa Fondo kwa nguvu zake zote mpaka ukaachia. Ukelele wa Mwanarusi ndio ulionitoa mimi, nikakimbilia swichi.

Fondo yu hai. Tulimpeleka hospitali. Kiganja cha kulia kimeungua hadi ndani, vidole viwili havikunjiki. Daktari anasema tungoje. Fondo anashona viatu na mikoba, Mzee, kwa mkono huo.

Nilipomvua shati nikaikuta barua yako kifuani, kavu kabisa. Nikaisoma nikiwa nimesimama kwenye ukumbi wa hospitali.

Nilitaka kuja Bombolulu jana ileile. Mungu ameniepusha. Kisha nikakumbuka ni nani aliyewasha. Mimi na wewe tuko kitanda kimoja, Mzee, na usingizi hatutaupata.

Rama


Bombolulu
9 Mei 2025

Mwanarusi,

Barua ya mumeo nimeisoma. Sina la kujitetea.

Nimemwambia Asmaa kwamba Fondo aliteleza kwenye ngazi za feri. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu, naye akasikitika, akaniandalia uji wa kumpelekea. Uji uko hapa mezani umeganda.

Nakuomba jambo moja, na najua sistahili. Fondo asijue barua ile ilikuwa na nini. Mweleze kuwa ni hitilafu ya friji, na si uongo wote. Mimi ni mzee, siku zangu za kuona haya zimebaki chache. Akijua yeye, karakana yote itajua, na Asmaa anaishi kwa watu hawa. Kila mtu akipita dirishani naona anakuja kuniuliza. Sisikii hatua, basi kila kivuli kinanishtua.

Niandikie vidole vinaendeleaje.

Mwinyihaji


Shika Adabu
12 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu nilifunzwa hivyo.

Munga alikuja. Nilimpa kipimo mkononi mwenyewe. Alipima, akasoma, akapima tena, akaketi chini pale penye tope na suruali yake ya kazi. Halafu akaivunja saruji kwa nyundo, akakivuta kile chuma kwa mkono mmoja, kikatoka kama muhogo. Alifanya kazi siku mbili, vyuma viwili kwenye migomba, swichi ya kujikata, waya ule mnene, akachonga mwamba kwa tindo mpaka mtaro ukafika gotini. Akamaliza kwa kupima. Friji limetupwa. Nyumba yangu sasa ni salama, na mimi bado naogopa kushika kitasa cha mlango wangu. Jana nilifungua bomba kwa kanga.

Jalila hachezi tena uani. Ananiuliza kwa nini nilimpiga Fondo.

Sasa hilo uliloniomba. Mjomba, siwezi. Nilikaa na Fondo hospitalini. Mkono umefungwa mkubwa kama dafu. Unajua aliniuliza nini? "Barua ya mzee ililowa?" Nikamwambia haikulowa. Akasema, "Afadhali. Aliniambia ni ya muhimu, nikakataa kungoja mvua ipite."

Kama ningemwambia ni friji, ningeiweka dhambi yako juu ya yangu, na ya Rama, tukaishi nayo watatu, naye angezidi kutuletea barua. Nimempa ile barua jana. Nilimwambia, wewe uliibeba, isome. Nikatoka nje kwa sababu sikuweza kumtazama anaposoma.

Kuna na jambo jingine ambalo sikukuuliza, kwa kuogopa jibu lake. Umeandika miaka thelathini na minane ya kutia watu stima majumbani.

Mwanarusi


Shika Adabu
15 Mei 2025

Mzee Mwinyihaji,

Ni Fondo. Samahani mwandiko, nashika kalamu kwa kushoto. Simu yangu iliingia maji haifanyi kazi. Rama atakuletea hii, amesema atangoja jibu mlangoni.

Nimetoka hospitali juzi. Barua niliisoma. Sikuandikii habari ya mkono wangu. Mkono uko vile ulivyo.

Nakuuliza habari ya mamangu. Unamjua, Kafedha, nyumba ya nyuma ya kisima hapa hapa Shika Adabu. Ndiyo nyumba tuliyomo. Stima uliitia wewe. Nilikuwa nakupa misumari. Nakumbuka ulipiga kile chuma nje, ukanituma nikaazime ndoo ya saruji, niliporudi kilikuwa kimekwisha kuingia. Nikashangaa jinsi ulivyo na nguvu. Ukanawa, ukala kwetu wali wa nazi na samaki wa kupaka, ukasifu mkono wa mama.

Mama ni mzee, anatembea miguu mitupu. Anaanika nguo kwenye waya uliofungwa kwenye bomba. Leo mvua imeshinda.

Nijibu neno moja tu. Kile cha mama ulikikata?

Fondo


Bombolulu
15 Mei 2025

Fondo mwanangu,

Ndiyo. Nilikikata.

Rama amempigia Mwanarusi nikimwona kwa macho yangu, naye anakimbia kwenu wakati naandika haya. Atakuwa amemtoa mama na kuzima swichi kabla barua hii haijavuka feri. Munga anamfuata na vyuma. Barua hii si ya kukuonya. Ni kwa sababu uliniuliza mimi, na jibu hili usilipate kwa mdomo wa mtu mwingine.

Asmaa sasa anajua. Barua yako nilimpa aisome, na ya Mwanarusi, na ya Rama. Alipiga kelele kwa muda mrefu. Nilikuwa namwona mdomo, sikuwa nasikia kitu, na kwa mara ya kwanza nikayashukuru masikio yangu, kisha nikaona haya kwa kuyashukuru. Akachukua kibao akaandika, "Ngapi?" Nimemtajia majina, yeye anayaandika kwenye daftari. Tumefika nyumba kumi na saba. Shika Adabu, Mtongwe, mbili ziko Kisauni. Wengine wamehama, wengine sikumbuki kama nilikata au nilipigilia, nao pia tunawaandika. Ameshaanza kuwapigia mmoja mmoja. Wasiopatikana nitakwenda mwenyewe, naye atasimama karibu yangu aniandikie kwenye kibao wanavyonijibu.

Naogopa, Fondo. Naogopa kila jina ambalo simu yake inaita na haipokewi.

Siku ile kwenu, wewe ulipokwenda kuazima ndoo, mamako alikuwa barazani ananitazama. Aliniona nikishika msumeno. Akaniuliza, "Fundi, mbona wakikata?" Nikamwambia kilikuwa kirefu mno kwa nyumba yake. Akacheka, akasema yeye hajui mambo ya stima, ananiachia mimi. Kisha akanimiminia maji, nikanawa, nikala wali wake huku nikijua.

Mwinyihaji